Geuza Jani Kabla ya Kununua Dawa

Nauza pembejeo mjini Garsen, Tana Delta, na shamba langu liko kijiji cha Idsowe. Kwa hiyo haya ninayoyaandika nayaona pande zote mbili: nikiwa nyuma ya kaunta, na nikiwa nimeinama kwenye matuta. Nayaandika pia nikijua kwamba mkulima akiyafuata, nitauza chupa chache kuliko ninazouza sasa. Sehemu kubwa ya dawa wanazonunua wakulima wa nyanya wa Tana Delta wakati wa jua kali haiui kinachokula nyanya zao. Nyingine inakizidisha. Mkulima anatoa pesa, anapiga dawa, anangoja siku nne, anarudi kutoa pesa tena, na shamba linaendelea kugeuka rangi ya kutu mpaka hakuna cha kuchuma.

Kinachokula nyanya hizo ni utitiri mwekundu. Wapo wanaouita vidudu vyekundu tu, na wapo wasiouita chochote kwa sababu hawajawahi kuuona. Wanachokiona ni jani. Huanza kwa vidoa vidogo vyeupe upande wa juu, vidoa vya manjano vikafuata, kisha jani zima linapauka, linakuwa la shaba, linakauka likiwa bado limeshika kwenye shina. Mkulima akiona hivyo atasema jua limeunguza, au mbolea ilikuwa nyingi, au ni ugonjwa ulioletwa na mafuriko. Anakuja dukani. "Dada, nipe ile dawa kali." Namuuliza, "Kaka, umekuja na jani?" Mara nyingi hakuja nalo.

Akija nalo, tunaligeuza. Natandika karatasi nyeupe juu ya kaunta, naligongagonga jani juu yake, na vumbi linaanguka. Tunangoja. Muda si mrefu sehemu ya lile vumbi inaanza kutembea. Hapo ndipo ninapotoa lenzi, ile ndogo inayokuza mara kumi, nampa aangalie upande wa chini wa jani karibu na mshipa mkubwa. Ataona majike ya rangi ya tofali, kila moja kama nusu milimita, na miguu minane. Ataona mayai ya mviringo yanayong'aa, maganda meupe yaliyoachwa na watoto waliojivua, na nyuzi nyembamba za utando zilizofumwa kutoka kinyweleo hadi kinyweleo cha jani. Mzee mmoja jirani yangu alishika lenzi hiyo muda mrefu. "Mwanangu," akaniambia, "hawa wote walikuwa hapa? Na mimi nilipiga dawa Jumamosi."

Ndiyo, walikuwa hapo, na dawa aliyopiga ilipita juu yao. Alipiga akiwa amesimama, mdomo wa pampu ukielekea chini, na jani likawa mwavuli wa wale aliokuja kuwaua. Na hata ingewafikia, ile haikuwa dawa yao. Utitiri si mdudu wa jamii ya inzi au kipepeo. Ni ndugu wa buibui na kupe. Chupa aliyonunua ilikuwa ya pairethroidi, jamii ya dawa inayouzwa kwa wingi katika kila duka la agroveti kutoka hapa hadi Malindi, kwa sababu ni rahisi, inafanya kazi haraka kwa viwavi na vidukari, na mkulima anaona wadudu wakidondoka. Utitiri unaivumilia. Wasioivumilia ni wale wanaokula utitiri: mbawakawa wadogo weusi wa jamii ya kibibi, mbawakawa wengine, na hasa aina nyingine ya utitiri, yenye mbio, inayowinda utitiri mwenzake na kunyonya mayai yake. Piga pairethroidi mara mbili mfululizo, utakuwa umewaondoa walinzi shambani na kumwachia mwizi funguo. Jambo hili wanasayansi wameliandika tangu miongo mingi iliyopita, kwenye matofaa, pamba, maharagwe na nyanya, katika nchi nyingi. Halijafika kwenye kaunta zetu.

Mkulima anayetaka kuelewa kwa nini vita hivi huisha vibaya haraka namna hii aangalie joto letu. Katika joto la nyuzi 30, ambalo kwetu ni siku ya kawaida, yai la utitiri mwekundu linakuwa jike linalotaga kwa muda wa siku kumi hivi au pungufu. Jike moja linaweza kutaga mayai zaidi ya mia moja. Na halihitaji dume ili kuanza: mayai yasiyorutubishwa hutoa madume, kwa hiyo jike moja lililopeperushwa na upepo au kubebwa kwenye shati la mchumaji linaweza kuanzisha ukoo peke yake. Mkulima anayengoja wiki mbili "aone kwanza" anakuja dukani wakati kizazi cha pili kimeshaanza kutaga.

Na utitiri huu si wa kwetu. *Tetranychus evansi*, kwa jina lake la kitaalamu, asili yake ni Amerika ya Kusini. Kusini mwa Afrika uliripotiwa Zimbabwe mwaka 1979, na Kenya ulitambuliwa mwaka 2001. Ulikuja bila maadui zake. Huo ndio msingi wa tatizo zima, na ndiyo sababu sikubaliani na wanaosema tatizo la Idsowe ni wakulima wavivu au dawa feki. Dawa feki zipo, na wavivu hawakosekani popote. Lakini hata mkulima hodari mwenye dawa halali anashindwa na mgeni aliyewaacha wanaomla ng'ambo ya bahari, ikiwa kila wiki anawaua na wale wachache wa hapa ambao wangejaribu kumla.

Tumewahi kushinda vita vya namna hii, tena katika zao ambalo kila nyumba huku inalijua. Mwaka 1971 utitiri wa kijani wa muhogo ulionekana Uganda, mara ya kwanza barani Afrika. Nao ulitoka Amerika ya Kusini. Ulienea kutoka nchi hadi nchi, ukifyonza majani machanga ya ncha mpaka mmea unabaki na kijiti kilichojikunja, na wakati wa kiangazi ndipo ulipokuwa mbaya zaidi. Nani angenunua dawa ya kupiga muhogo? Muhogo ni chakula cha asiye na pesa. Watafiti wa IITA, taasisi ya kimataifa ya kilimo cha tropiki, pamoja na wenzao wa Amerika ya Kusini, wakarudi kule muhogo ulikotoka, wakatafuta nani anayeula utitiri ule. Waliwajaribu wengi wakashindwa kustahimili mazingira ya Afrika. Kisha wakapata mmoja kutoka kaskazini mashariki ya Brazil, *Typhlodromalus aripo*, wakamwachilia Benin mwaka 1993.

Huyu ana tabia ninayoipenda. Mchana anajificha ndani ya ncha ya muhogo, kwenye vijani vilivyofumbana ambavyo havijafunguka, na usiku anatoka kuteremka kwenye majani kuwinda. Aina za muhogo zenye ncha ya manyoya zinamhifadhi vizuri kuliko zenye ncha laini. Kila alipokaa, utitiri wa kijani ulipungua na mavuno yakapanda, na kutoka nchi ile ya kwanza alisambazwa nchi nyingine nyingi za ukanda wa muhogo barani. Mkulima hakununua chochote. Wengi hawakujua hata kwamba kuna kazi iliyofanyika. Hakukuwa na chupa, wala pampu, wala siku za kungoja kabla ya kuvuna. Kila ninapoona foleni ya watu wa kununua dawa ya nyanya, nakumbuka kwamba jamaa wa karibu wa adui huyu alidhibitiwa bila mkulima kutoa shilingi.

Kwa nyanya mambo ni magumu zaidi, lazima nikiri. Utitiri mwindaji anayeuzwa kwa mashamba ya maua ya Naivasha, *Phytoseiulus persimilis*, anaula vizuri utitiri wa madoa mawili unaoshambulia mawaridi, lakini huu wetu mwekundu wa nyanya anaukataa. Umfungulie kopo zima shambani Idsowe, utakuwa umetupa pesa. Ndiyo sababu watafiti wa ICIPE, taasisi ya wadudu iliyoanzishwa Nairobi mwaka 1970 chini ya Profesa Thomas Odhiambo, walishirikiana na Wabrazil kutafuta mwindaji mwingine. Akapatikana Uruguaiana, kusini kabisa mwa Brazil: *Phytoseiulus longipes*, ambaye anaula utitiri mwekundu na kuzaana juu yake. Aliletwa Kenya kufanyiwa majaribio. ICIPE pia walipata kuvu, *Metarhizium* aina ya ICIPE 78, ambalo mbegu zake zikimgusa utitiri humea, hupenya mwilini mwake na kumuua, na kuvu hilo leo linatengenezwa na kuuzwa humu nchini. Kazi ya maabara imefanyika, tena imefanyika Kenya. Lakini mwambie mkulima wa Idsowe aitafute dawa hiyo ya kuvu hapa Garsen leo, uone atarudi na nini.

Wapo watakaosema haya ni mambo ya matajiri, ya watu wenye nyumba za kioo. Nina mpwa wangu anayefanya kazi Ontario, Canada, katika nyumba ya kioo wanakolima bhangi. Huko ni halali tangu Oktoba 2018. Hapa kwetu ni kosa la jinai, na sitetei mtu kuilima. Ninachotaka msomaji akione ni hiki. Wenye mashamba yale wana taa, mitambo ya kupoza hewa, vichujio na pesa ambazo Tana River haitaziona. Adui wao mkubwa ni utitiri wa madoa mawili, binamu wa huu wetu, ambao hula zaidi ya aina elfu moja za mimea na umeshakuwa sugu kwa viambata zaidi ya tisini vya dawa. Ndani ya chumba hakuna mvua ya kuuosha, hakuna upepo, hakuna adui wa kuula, kwa hiyo ukiingia unastawi. Walipotegemea dawa, waliumia. Mwishoni mwa 2016 na mwanzoni mwa 2017, wakati bhangi ya matibabu pekee ndiyo iliyoruhusiwa, shehena ziliondolewa sokoni huko kwa kukutwa na mabaki ya dawa zisizoruhusiwa, mojawapo bifenazeti, dawa ya kuulia utitiri. Watu wagonjwa walikuwa wakivuta sumu. Leo, ananiambia mpwa wangu, wanatundika vifuko vidogo vya karatasi kwenye matawi, ndani yake utitiri mwindaji, unatoka kidogo kidogo kwa wiki kadhaa. Na kabla ya kuvitundika, kila asubuhi kuna mtu ambaye kazi yake ni moja: kupita mstari kwa mstari akigeuza majani na kuangalia kwa lenzi.

Kazi hiyo haihitaji nyumba ya kioo. Inahitaji macho na dakika chache.

Hilo la mabaki ya dawa linaniuma zaidi ya hasara ya pesa. Nyanya ya Idsowe inachumwa leo, inalala kwenye kreti, kesho inaliwa kachumbari Garsen au Malindi. Mkulima aliyechanganyikiwa na utitiri hupiga dawa Jumatatu na kuchuma Jumatano, kwa sababu mnunuzi amefika na gari. Kila lebo ina siku za kusubiri kabla ya kuvuna, na kila dawa halali ina namba ya usajili ya PCPB, bodi ya kudhibiti dawa za wadudu, lakini maandishi ni madogo, na mara nyingi dawa imemiminwa kwenye chupa ya soda ili mtu anunue ya shilingi chache. Sijui jirani anayefanya hivyo kwa ubaya. Anafanya hivyo kwa sababu karo inadaiwa.

Kisha anakwenda kuosha pampu mtoni. Nalisema hili kwa uchungu kwa sababu ni mto tunaokunywa. Maji ya Tana yanayopita kwetu ndiyo yanayokwenda kwenye mashamba ya mpunga, kwenye maziwa ya delta, kwenye kambare wanaovuliwa na ndugu zetu, na delta hii imeorodheshwa chini ya Mkataba wa Ramsar tangu 2012 kwa ajili ya ndege na viumbe wake wa majini. Pairethroidi ni sumu kali kwa samaki. Abamektini, ambayo kweli inaua utitiri, nayo ni sumu kali kwa samaki na kwa nyuki. Hata kikombe kimoja cha masalia ya pampu kimwage mbali na maji, kwenye udongo mkavu usiolimwa, wala si kwenye mtaro unaorudi mtoni.

Nisieleweke kwamba sitaki dawa. Naiuza, na ninaipiga inapobidi. Abamektini ni ndugu wa ivermectin ambayo wafugaji wanaijua kwa mifugo yao, na ikitumika mara moja kwa wakati wake, ikipigwa chini ya jani jioni wakati nyuki wamelala, inaokoa shamba. Ikipigwa kila wiki, msimu hata msimu, inaacha hai wale tu wasioogopa, na hao ndio watakaozaa. Salfa, ile wanayoijua wenye mikorosho, nayo inasaidia na bei yake si kubwa, lakini usiipige saa sita ya mchana wa Garsen. Joto likizidi nyuzi 30 itaunguza majani kuliko utitiri. Usiichanganye na mafuta yoyote.

Na kuna mwarobaini. Sidhani kuna kijiji cha Pwani kisicho na mwarobaini, na bado watu wanapita chini yake kwenda dukani kwangu. Wengi wakijaribu huchemsha majani, wakaona haufanyi kitu, wakaukatia tamaa. Nguvu iko kwenye kokwa. Okota matunda yaliyoiva, toa nyama, anika mbegu kivulini, usizianike juani. Siku ya kutumia, menya na utwange: gramu 50 za kokwa kwa kila lita ya maji. Loweka usiku kucha, chuja kwa kitambaa, tia kipande kidogo cha sabuni ya mche kilichoyeyushwa ili maji yashike kwenye jani, na upige jioni ileile au ifuatayo, chini ya majani. Usitumie sabuni ya unga ya kufulia, inababua. Mwarobaini hauui papo hapo kama wengi wanavyotaka. Unauzuia utitiri kula, unavuruga kukua kwake na kutaga kwake, na ili ufae lazima uanze wakati vidoa viko kwenye majani machache ya chini, urudie baada ya siku tano hadi saba. Ukiungoja mpaka utando umefunika ncha za mmea, hapo hata mimi sina cha kukuuzia. Ng'oa mmea huo, uutie kwenye gunia papo hapo ulipo, usiuburute shambani ukiupangusa kwenye wenzake, kauchome.

Kung'oa ni jambo gumu kwa mkulima. Nimeona mtu akiacha safu nzima iliyokufa nusu kwa matumaini ya kreti mbili za mwisho, na safu hiyo ikaambukiza shamba jipya alilolipanda pembeni yake. Hili ndilo kosa ninaloliona zaidi kuliko yote: nyanya zilizokwisha kuchumwa huachwa zimesimama, miche mipya inapandwa hatua chache upande upepo unakoelekea. Mnavu ulioota wenyewe kando ya mtaro huachwa pia, kwa sababu ni mboga. Lakini utitiri mwekundu unaupenda mnavu kama unavyopenda nyanya, na biringanya pia. Mnavu wa kula upandwe mbali na nyanya, karibu na jikoni, na ule wa pembeni mwa shamba uondolewe kabla ya kupanda.

Vumbi nalo lina kesi yake. Majani yaliyofunikwa na vumbi yana utitiri mwingi, kwa sababu vumbi huwasumbua wawindaji kuliko linavyousumbua utitiri wenyewe, na kwa sababu panapokuwa na vumbi huwa pakavu. Wenye mitende Oman na nchi nyingine za Ghuba wanalijua hilo vizuri. Utitiri wa mitende hufuma utando kwenye mashada ya tende, vumbi likashika juu yake, na tende zikaharibika. Huku kwetu mashamba yanayougua kwanza ni yale yaliyo kando ya njia ya gari na kando ya malka, njia za mifugo kwenda mtoni. Sitaki mtu asome hapa hoja ya kufunga malka. Ng'ombe lazima wanywe, na sisi tumekwishaona damu iliyomwagika kwa ugomvi wa maji na malisho. Mkulima apande mistari mitatu minne ya mahindi au mtama upande huo kabla ya nyanya, izuie vumbi, na alfajiri amwagie maji majani ya mstari wa mwisho kutoka chini kwenda juu. Asifanye hivyo jioni, maana jani likilala na maji, bakajani litaingia.

Hayo mkulima anaweza kuyafanya mwenyewe. Yapo asiyoyaweza.

Tangu Katiba ya 2010 ianze kutekelezwa kwa ugatuzi, kilimo ni kazi ya kaunti. Ofisi kuu ya kaunti yetu ya Tana River iko Hola, mbali na hapa, na barabara ikikatwa na mafuriko kama ilivyokuwa Novemba 2023 na tena Aprili na Mei 2024, inakuwa mbali zaidi. Maji yalipopungua, misaada ya mbegu ilikuja, na tunashukuru. Watu walipanda kwenye matope yenye rutuba mto ulipoyaacha. Kisha jua likaja, utitiri nao ukaja, na hakuna aliyekuja kugeuza jani. Mshauri pekee aliyebaki kwa mkulima ni muuza dawa. Mimi ni muuza dawa, na nasema hili si jambo zuri. Mtu anayepata faida kwa chupa hafai kuwa ndiye pekee anayeamua kama chupa inahitajika. Wapo wenzangu waaminifu, lakini kuna vijana wanaoachiwa maduka bila kufundishwa hata tofauti ya kuvu na mdudu, na mteja akisema "nipe kali", wanampa kali.

Ninachoomba si kikubwa. Eneo bunge la Garsen lina wadi sita. Kila wadi ipate afisa wa kilimo anayefika shambani wakati wa kiangazi, mwenye pikipiki, mafuta ya pikipiki na lenzi ya mfukoni. Lenzi hiyo ni bei ya chini kuliko dawa ya msimu mmoja. Kaunti iwaombe watafiti wa kilimo wa KALRO Mtwapa na wale wa ICIPE wafanye majaribio ya kuvu na ya mwindaji wa utitiri mwekundu kwenye mashamba ya wakulima huku mtoni, si kwenye kituo cha utafiti tu, ili tujue yanavyofanya kazi katika joto na unyevu wetu. Na kila duka la agroveti litakaloomba kibali liwe na mtu mmoja aliyefundishwa, na lebo za dawa ziwe na maelezo ya Kiswahili yanayosomeka: inaua nini, haiui nini, na mtu angoje siku ngapi kabla ya kuvuna.

Kwa wenzangu wauzaji: tusiuze dawa ya utitiri kwa mtu ambaye hajaleta jani. Mteja atanung'unika mara ya kwanza. Mara ya pili atakuja nalo.

Kwako wewe mwenye nyanya Idsowe, Ngao, au popote mtoni: kesho asubuhi, kabla jua halijapanda, chukua karatasi nyeupe uingie shambani. Anza na mistari iliyo kando ya njia. Geuza majani ya chini, yagonge juu ya karatasi, ungoje. Vumbi likianza kutembea, ng'oa uchome iliyozidiwa, loweka mwarobaini jioni hiyohiyo, na chupa ya pairethroidi uiache dukani.